Mwanafunzi mgonjwa apunguziwe kozi, asilazimishwe kuahirisha masomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kanuni moja ya vyuo vikuu vyetu ambayo haijadiliwi sana, kwa kuwa wanaoumizwa nayo ni wachache na huwaumiza wakati ambao hawana nguvu ya kupaza sauti. Ni kanuni inayomtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza ajisajili kwa kiwango fulani cha chini cha krediti kila muhula, na ambayo, kwa jinsi inavyotekelezwa katika vyuo kadhaa ninavyovifahamu, haimwachii njia mwanafunzi ambaye afya yake haimruhusu kubeba mzigo wote kwa wakati mmoja. Mimi ni mhadhiri, na kwa miaka mingi nimekuwa pia mshauri wa masomo wa wanafunzi wa idara yetu, kwa hiyo barua za kuomba msamaha wa sharti hilo hupitia mezani kwangu kabla hazijapanda ngazi, na majibu yake hupitia hapohapo yakishuka.

Kwa msomaji asiyeishi na mambo ya vyuo, nieleze kwanza mzigo wenyewe ukoje. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, semina, maabara, kusoma maktaba na kujiandaa kwa mitihani. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360. Maana yake ni krediti 60 kwa muhula, yaani saa 600, ambazo ukizigawa kwa wiki 15 za kufundishwa unapata saa 40 kila wiki. Kwa kijana mwenye afya njema mzigo huo ni halali kabisa, na wala siandiki barua hii kuomba ulegezwe kwa kila mtu. Ninachosema ni kwamba saa 40 ni wiki nzima ya kazi, na hakuna mwajiri mwenye busara ambaye angemwambia mfanyakazi aliyetoka kulazwa hospitali kwamba ama afanye kazi wiki nzima kuanzia Jumatatu, ama akae nyumbani mwaka mzima.

Vyuo vyetu, hata hivyo, vinamwambia mwanafunzi maneno hayo hasa. Anayeshindwa kufikia kiwango cha chini huelekezwa aahirishe masomo, na kwa kuwa kozi nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, kuahirisha muhula mmoja mara nyingi huwa ni kuahirisha mwaka. Katika mwaka huo hapati hata krediti moja, chumba cha bweni hupewa mwingine, fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, husimama, na wenzake aliozoea kujisomea nao husonga mbele. Atakaporudi atakuwa peke yake darasani katikati ya watu asiowajua, akiwa na ugonjwa uleule aliokuwa nao alipoondoka, kwa sababu maradhi ninayoyazungumzia hapa si ya kupona kwa mapumziko ya mwaka mmoja.

Nitoe mfano wa binti mmoja wa mwaka wa pili, katika chuo ambacho sitakitaja, anayeishi na selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu. Mwisho wa muhula uliotangulia alikuwa amelazwa kwa maumivu makali, na daktari wake alimwandikia barua akishauri apunguziwe kazi kwa muhula mmoja. Binti aliandika ombi fupi na la heshima, akiomba aruhusiwe kujisajili kwa krediti 40 badala ya 60, na akazitaja kwa majina kozi mbili alizotaka kuziweka kando: moja ya hiari, na nyingine ya lazima ambayo si msingi wa kozi yoyote ya muhula uliokuwa unafuata. Ombi lililofikiriwa vizuri kuliko hilo ni nadra kuliona. Mkuu wa idara aliliunga mkono lakini akasema hana mamlaka nalo, kitivo kikasema kanuni inataja kiwango cha chini bila kutaja msamaha, na ofisi iliyo juu ya kitivo ikajibu kwa sentensi moja kwamba mwanafunzi mwenye matatizo ya kiafya anashauriwa aahirishe masomo. Jibu hilo lilifika wakati nusu ya muhula imeshapita.

Wakati ombi likisafiri, binti alikuwa anajaribu kujisajili katika mfumo wa kompyuta wa chuo. Mfumo umepangwa usipokee chini ya kiwango, hivyo kila alipochagua kozi zake nne na kubonyeza kitufe cha kuthibitisha, ukurasa ulirudi na maandishi mekundu kwamba usajili haujakamilika. Asiyekamilisha usajili hasaini bumu. Jina lake halionekani katika orodha anayopewa mhadhiri kwa ajili ya kuingiza alama za majaribio ya darasani, na siku ya mtihani hana kibali cha kuingia ukumbini. Nilimwona akiwa amekaa kwenye benchi nje ya maabara, amejifunika khanga mabegani ingawa jua lilikuwa linawaka, akihesabu siku zilizobaki kabla dirisha la usajili halijafungwa. Siku moja kabla ya kufungwa alizirudisha zile kozi mbili na kujisajili kwa zote sita. Alilazwa tena wiki chache kabla ya mitihani, akaikosa baadhi na kushindwa mingine, na hatimaye aliahirisha masomo akiwa na alama mbaya katika kozi ambazo, kama angeachiwa nne tu, naamini angezifaulu bila wasiwasi. Majaribio yake ya mwanzoni mwa muhula yanaonyesha hivyo.

Nimechagua mfano wa selimundu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ugonjwa huu unachochewa na hali ambazo mzigo mzito wa masomo huzileta. Chembe nyekundu za damu zinapopinda huziba mishipa midogo na kuleta maumivu ambayo waliowahi kuyaona kwa ndugu zao hawahitaji kuelezwa, na miongoni mwa mambo yanayoweza kuyaamsha ni uchovu wa kupita kiasi, msongo wa mawazo, baridi na mwili kukosa maji ya kutosha. Mwanafunzi anayekesha akiandika ripoti ya maabara, akaamka alfajiri kukimbilia kipindi, akashinda bila kunywa maji kwa sababu vipindi vimefuatana, anajiweka karibu na wodi. Kumpunguzia kozi mbili mwanafunzi wa namna hii ni sehemu ya tiba, na daktari anapoandika ushauri huo anaandika kama daktari. Inasikitisha kwamba ushauri ambao ungefuatwa mara moja na muuguzi wa zamu unaweza kupuuzwa na ofisi ya chuo kwa sababu tu hauna kifungu cha kuupokea.

Sababu ya pili ni idadi. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini mwetu, kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa zaidi duniani. Zamani wengi wao walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka 5, na kwa hiyo walioandika kanuni za vyuo hawakuwa na haja ya kuwafikiria. Hali hiyo imebadilika. Hospitali ya Taifa Muhimbili na chuo kilicho jirani nayo walianza mpango wao wa utafiti na matibabu ya selimundu mwaka 2004, na tangu hapo kliniki, dawa za kuzuia maambukizi na haidroksiurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya maumivu, zimewafikisha vijana wengi utu uzima. Mtoto aliyepokelewa kliniki akiwa mchanga mwaka ule leo ana umri wa kuwa chuoni au kuwa amemaliza. Taifa limetumia fedha na akili za mabingwa wake kumvusha kijana huyu kutoka utotoni hadi kidato cha sita, na ni jambo la kusikitisha mno akwamishwe na kanuni ya usajili.

Hawa si peke yao. Wapo wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, ambao kwa kawaida hulala kwenye mashine mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara, bila kuhesabu safari na udhaifu wa baada ya hapo. Wapo walio katika matibabu ya saratani, wapo wenye sonona, na wapo kina mama waliojifungua karibuni. Kuhusu hao wa mwisho, Serikali iliamua mwaka 2021 kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito aruhusiwe kurudi shuleni, uamuzi ambao wengi wetu tuliupokea kwa shukrani. Baadhi ya wasichana hao sasa wanafika vyuo vikuu wakiwa na watoto wadogo, na si busara kuwafungulia lango la sekondari halafu wakute la chuo kikuu halina nafasi ya kupita.

Nimesikia hoja za wanaopinga, nyingi katika vikao nilivyohudhuria, na nyingine zinastahili kujibiwa kwa uangalifu. Inayotolewa mara nyingi ni kwamba kulegeza kiwango kutashusha hadhi ya shahada. Siikubali hata kidogo. Shahada ya krediti 360 itabaki kuwa ya krediti 360. Mitihani itakuwa ileile, itasahihishwa na watu walewale na kupitiwa na watahini walewale wa nje. Kinachobadilika ni kalenda tu. Krediti 20 alizoziacha muhula huu atazichukua katika muhula kama huo mwaka unaofuata, au, zile za hiari, atachagua nyingine zinazolingana nazo, na hata ikibidi abaki chuoni muhula mmoja zaidi, bado atakuwa amepata krediti 40 katika muhula ambao kanuni ya sasa ingempa sifuri. Krediti zilibuniwa ili masomo yaweze kupimwa na kulimbikizwa kidogo kidogo. Chuo kinachohesabu kwa krediti lakini kinamtaka kila mtu azichukue zote kwa mkupuo kimechukua hesabu hiyo na kuacha faida yake.

Wengine husema kwamba aliyeshindwa mwendo wa kawaida ahamie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Nakiheshimu sana chuo hicho, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kuwapo kwake kunaunga mkono hoja yangu: kwa muda mrefu kimewaruhusu wanafunzi kusoma kwa kasi wanayoimudu, na shahada zake zinatambuliwa na Tume ileile inayotambua za vyuo vingine. Kama kasi hiyo haijaidhalilisha shahada kule, haiwezi kuidhalilisha kwetu. Lakini kumwambia mwanafunzi wa uhandisi, wa famasi au wa sayansi za maabara, aliyeshinda nafasi yake kwa haki na yuko katikati ya programu, kwamba aiache na kwenda kuanza upya kwingine kwa sababu ya kozi mbili za muhula mmoja, ni kumpa adhabu isiyolingana na jambo lenyewe.

Hofu ya kwamba wavivu wataitumia nafasi hii vibaya naielewa zaidi, maana kila mshauri wa masomo amewahi kuletewa cheti cha hospitali chenye mashaka. Hata hivyo, mwanafunzi asiyejituma si yule anayekuja wiki ya pili ya muhula na barua ya daktari na mpango wa kozi alizozichagua na alizoziacha. Huyo asiyejituma hujisajili kwa kozi zote, hutoweka, kisha huonekana wiki ya mitihani akitafuta mtihani maalumu. Isitoshe, kupunguziwa kozi kuna gharama yake, kwani huongeza muda wa kukaa chuoni, na sijawahi kukutana na kijana wa Kitanzania, mwenye wazazi wanaosubiri ajira yake, anayependa kuchelewa kumaliza. Daktari wa chuo anaweza kuthibitisha barua iliyotoka hospitali nyingine, na ruhusa inaweza kutolewa kwa muhula mmoja mmoja ili ipitiwe upya.

Juu ya fedha, ambako ndiko mambo hukwama zaidi, sioni ugumu usiotatulika. Ada inaweza kutozwa kwa kadiri ya krediti alizojisajili. Mkopo si sadaka. Ni deni ambalo mhitimu aliyeajiriwa hulilipa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Bodi ikimlipia mwanafunzi mgonjwa fedha za kujikimu kwa muhula mmoja wa ziada, deni lake litaongezeka kwa kiasi hichohicho naye atalirejesha. Akiahirisha, akakata tamaa na kuacha chuo kabisa, Bodi itabaki inadai mkopo wa mwaka mmoja na nusu kwa mtu asiye na shahada wala mshahara wa kukatwa. Hapo ndipo fedha za umma hupotea.

Huko nje jambo hili si geni. Marekani, kwa mfano, humfunga mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 kwa sheria ya uhamiaji yenyewe asome kwa muda wote, na anayekiuka anaweza kupoteza haki ya kubaki nchini humo. Pamoja na ukali huo, kanuni zilezile za uhamiaji zinamruhusu anayeugua apunguziwe kozi, au hata asimame kabisa, kwa jumla isiyozidi miezi 12 katika ngazi moja ya masomo, mradi awe na barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni na ruhusa itolewe kabla hajaacha kozi. Kijana wetu anayeugua akiwa Minnesota ana njia hiyo. Mwenzake aliyebaki nyumbani, katika chuo kinachoendeshwa kwa kodi ya wazazi wake, hana.

Nasi tuna wajibu wetu wa kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo inazitaka nchi zihakikishe kwamba mtu mwenye ulemavu anaipata elimu, hadi ya juu, kwa kufanyiwa marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji yake. Nasita kuliegemeza ombi hili kwenye ulemavu peke yake, kwa sababu wengi wa vijana ninaowasemea hawajioni kuwa na ulemavu na hawapaswi kulazimishwa kujiita hivyo ili wasikilizwe. Ila ni vema vyuo vikumbuke kwamba kwa baadhi yao jambo hili ni haki iliyokwisha kuandikwa, na kwamba kanuni ya usajili isiyo na msamaha wowote inaweza kugongana nayo.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, masuala ya taaluma ndani ya chuo ni ya seneti, na seneti inaweza kuongeza kifungu kimoja katika kanuni zake za mitihani na usajili. Kifungu hicho kieleze kwamba mwanafunzi mwenye sababu ya kiafya au ya uzazi iliyothibitishwa anaweza kuomba kujisajili chini ya kiwango, hadi kikomo kitakachowekwa, bila kupoteza hadhi yake ya mwanafunzi wa muda wote, bweni lake wala mkopo wake. Mamlaka ya kukubali yawekwe kwa mkuu wa kitivo, baada ya kupata maoni ya mshauri wa masomo na daktari wa chuo, badala ya ombi kupandishwa hadi kamati inayokaa mara chache kwa muhula. Jibu litoke ndani ya siku 7, maana dirisha la kubadili kozi hufungwa mapema na ruhusa inayofika wiki ya nane haimsaidii mtu. Muhula aliopunguziwa usihesabiwe dhidi yake katika ukomo wa miaka ya kumaliza shahada. Na wataalamu wa kompyuta waelekezwe kuweka katika mfumo sehemu ya kuingiza idhini hiyo, ili mwanafunzi aliyeruhusiwa kwa barua asikataliwe na mashine.

Tume ya Vyuo Vikuu kwa upande wake inaweza kusaidia kwa kuliweka jambo hili katika viwango vya chini ambavyo kila chuo hupimwa navyo, ili haki ya mgonjwa isitegemee bahati ya kudahiliwa chuo chenye seneti yenye huruma. Bodi ya Mikopo nayo itamke wazi, kwa maandishi, kwamba mwanafunzi aliyepewa idhini hiyo ataendelea kulipwa. Maafisa mikopo wa vyuo hawawezi kulibahatisha, na ninajua baadhi yao wangependa kusaidia lakini wanaogopa hoja za ukaguzi.

Kifungu hicho kikishapitishwa, kichapishwe katika kitabu cha mwongozo wa wanafunzi na katika tovuti ya chuo kabla dirisha la udahili wa mwaka ujao halijafunguliwa, ili mhitimu wa kidato cha sita anayeishi na selimundu, pamoja na mzazi wake, wajue wanapochagua ni chuo kipi kitampokea na ugonjwa wake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri na mshauri wa masomo,
Dar es Salaam.
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi.)